Kihariri cha kununua kwa anayetaka vitufe vimtii

Tuanze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kati ya vihariri vitano nilivyovipanga hapa, yaani programu za kuandikia maandishi na kodi za programu, kinachodai pesa ni kimoja tu, Sublime Text, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 99. Vingine vyote ni bure. Lakini gharama kubwa ya kihariri hailipwi kwa kadi. Hulipwa kwa jioni zinazoishia kwenye kupanga njia za mkato, kwa bando linaloliwa na plagini (viongezi vya kihariri), kwa RAM, na kwa uchungu wa siku laptop inapoibiwa na mipangilio yako yote ikaondoka nayo.

Kwa hiyo nimevipima kwa maswali mawili. Mipangilio yangu inakaa wapi, na naweza kuibeba kwenye flashi? Na plagini ikininyang'anya kitufe, nitaijuaje? Uzuri wa rangi sikuuhesabu. Rangi zinabadilishika kote.

1. Sublime Text

Hiki ndicho cha kununua kama unaandika kodi za programu au maandishi kila siku na mashine yako ina RAM ya gigabaiti 4 au 8, kama laptop nyingi za mtumba tunazotumia. Kinafunguka papo hapo, na hakilegei ukikipa faili la logi (kumbukumbu za mfumo) lenye mistari laki kadhaa. Kinatengenezwa Sydney, Australia, tangu 2008, na toleo la 4 lilitoka 2021.

Mambo yako yote yanakaa kwenye folda moja iitwayo User, ndani ya Packages. Mapendeleo ni faili la JSON (maandishi ya kawaida yenye mpangilio maalumu), vitufe ni faili la JSON, na orodha ya plagini zako imo humo humo. Ukipata mashine nyingine unaweka Sublime, unaweka Package Control (kisimamizi cha plagini zake), unanakili ile folda, basi. Package Control inaisoma orodha na kushusha yenyewe zilizokosekana. Kitufe kipya ni mstari mmoja:

`{ "keys": ["ctrl+alt+j"], "command": "duplicate_line" }`

Kinachowashinda wengi ni kujua jina la amri. Fungua konsoli (kidirisha cha kuandikia amri) kwa Ctrl pamoja na kitufe kilicho chini ya Esc, andika `sublime.log_commands(True)`, kisha fanya jambo lenyewe kupitia menyu. Jina la amri linajitokeza hapo chini, ulinakili. Njia hiyo hiyo inakamata wezi: bonyeza kitufe kinachokusumbua, na ikitokea amri usiyoifahamu, mara nyingi jina lake linatosha kukuonyesha plagini iliyoileta.

Kuhusu malipo, muda wa kujaribu hauna kikomo. Mara moja moja unapohifadhi faili kinajitokeza kidirisha cha kukukumbusha kununua, na masharti yanakutaka ununue ukiendelea kukitumia. Leseni ni ya mtu, si ya mashine, kwa hiyo dola hizo 99 zinatosha kwa Windows ya nyumbani na Linux ya kazini. Unapata masasisho ya miaka 3, na baada ya hapo toleo ulilonalo linaendelea kufanya kazi. Asiye na kadi ya benki atafute kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu.

Jambo dogo kwa wanaoandika Kiswahili: ukiwasha ukaguzi wa tahajia, ukurasa mzima utachorwa mistari myekundu, kwa sababu kamusi inayokuja nacho ni ya Kiingereza. Sublime inapokea kamusi za aina ya Hunspell, na ya Kiswahili ipo, ile inayotumiwa na LibreOffice. Iweke mara moja, usumbufu uishe.

2. Vim, au ndugu yake Neovim

Kama kigezo ni kubeba mipangilio tu, hii ingekuwa ya kwanza. Faili moja, `.vimrc`, linahamia popote, na ukiingia kwenye seva ya mtu usiku wa manane utaikuta Vim, au babu yake vi, inakusubiri. Nimeishusha nafasi moja kwa ajili ya wiki za mwanzo. Utailaani. Andika `vimtutor` kwenye terminali, maliza somo lake la takriban nusu saa, ndipo uamue.

Mstari ambao kila mwandishi wa Kiswahili auweke ni huu:

`inoremap jk <Esc>`

Sasa kuondoka kwenye hali ya kuandika na kurudi kwenye hali ya amri ni kugonga j na k haraka, mkono bila kuhama. Kiswahili hakina neno lenye j ikifuatwa na k, kwa hiyo hutakwama katikati ya sentensi. Labda uandike JKT, na hapo ni herufi kubwa, hazihusiki. Ongeza vifupisho vyako: ukiweka `iabbrev srk serikali`, kila ukiandika srk na nafasi, neno zima linatokea. Anayeandika mihtasari ya vikao ataona tofauti siku ya kwanza.

Kitufe kikigongana, `:verbose imap jk` inakutajia faili lililokiweka na namba ya mstari. Sijaona kihariri kinachojibu swali hilo waziwazi namna hii. Tangu toleo la 8 la mwaka 2016, plagini ni folda tu unayoiweka mahali pake, kwa hiyo rafiki mwenye intaneti nzuri anaweza kukushushia na kukupa kwenye flashi. Neovim, iliyojitenga mwaka 2014, inasanidiwa kwa lugha ya Lua na inafaa zaidi kwa anayetaka msaada wa kisasa wa kodi.

Na kama unatafuta pa kupeleka pesa zako, hapa pako karibu na nyumbani. Mwanzilishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, alijitolea mwaka 1994 huko Kibaale, kusini mwa Uganda, akiwa fundi wa maji na usafi. Hakuwatoza watumiaji. Aliwaomba wachangie watoto wa Kibaale. Alifariki Agosti 2023, lakini ukiandika `:help uganda` maelezo bado yapo.

3. VS Code

Najua wengi wangeiweka ya kwanza. Ina plagini za kila kitu, mafunzo yamejaa mitandaoni, na kwa anayeanza kujifunza kuandika programu leo sina ubishi naye. Ctrl+K kisha Ctrl+S inafungua orodha ya vitufe vyote, unatafuta, unaona vinavyogongana. Mipangilio iko kwenye `settings.json` na `keybindings.json`, mafaili yanayonakilika vizuri.

Kilichoishusha ni uzito. Imejengwa juu ya Electron, yaani unafungua kivinjari kizima ili uandike maandishi, na kila plagini inaongeza mzigo. Kwenye gigabaiti 4, ukifungua na Chrome pembeni, feni itakuambia. Usawazishaji wake wa mipangilio unataka akaunti ya Microsoft au GitHub na bando. Ukiichagua, weka plagini tano hivi, uishie hapo, na andika `"telemetry.telemetryLevel": "off"` kama hupendi kuripotiwa.

4. Emacs

Toleo la GNU, mradi wa programu huria, lilitoka 1985 na bado liko hai. `C-h k` (Ctrl pamoja na h, kisha k) na kitufe chochote inakueleza kitufe hicho kinafanya nini, na Org mode, sehemu yake ya kupanga madokezo na kazi, peke yake inawafanya watu wasihame. Lakini mipangilio yake ni programu ya lugha ya Lisp, na asiyependa kuandika programu ili aandike barua atachoka.

5. Notepad++

Windows tu, nyepesi, bure. Shortcut Mapper yake inatosha kwa anayetaka kubadilisha vitufe vichache. Kwa mhasibu anayesafisha mafaili ya CSV (majedwali ya maandishi matupu), isiwe shida: achukue hii.

Zed, kihariri kipya, sijaipa namba. Ina kasi na ilifunguliwa kuwa programu huria Januari 2024, ila naisubiri ikomae. Waliianzisha baadhi ya waliotengeneza kihariri cha Atom, na Atom yenyewe ilifungwa na GitHub tarehe 15 Desemba 2022, ikawaacha watu na mamia ya mistari ya mipangilio isiyo na pa kwenda. Programu za JetBrains pia nimeziacha nje: ni nzuri, vitufe vyake vinabadilishika sana, lakini ni karakana nzima na zina malipo ya kila mwaka kwa matumizi ya biashara. Mwanafunzi aombe leseni yao ya bure ya masomo kabla hajatoa hata senti.