Kabla ya Kununua Mtungi wa Kunasia Oili, Kagua Mpira Wake

Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimejichomoa kiasi cha vidole viwili, na shingo yake ilikuwa imelowa. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza niliyoiona, miezi mitatu baada ya kufunga mtungi wa kunasia oili kwenye gari langu la dizeli lenye tabo (turbo, feni inayoisukumia injini hewa). Dalili ya pili ilikuwa matone chini ya gari, pale injini inapoungana na giaboksi: sili ya nyuma ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa imeanza kuvujisha, na kuibadilisha kulimaanisha kuishusha giaboksi nzima. Mtungi wenyewe haukuwa na kasoro. Ulikuwa wa alumini nzito, na ndani yake mlikuwa na oili iliyonaswa kama ilivyotakiwa. Kasoro ilikuwa kwenye mpira wa kupitishia gesi kati ya injini na mtungi, uliokuja nao katika boksi. Pale ulipopinda nyuma ya betri ulikuwa umevimba, ukalainika kwa joto na oili, kisha ukajikunja; nilipoubana kwa vidole viwili, kuta zake za ndani zilishikana na hazikuachana tena.

Ili ieleweke kwa nini mpira uliojikunja unaweza kuharibu injini, inafaa kueleza kazi ya mtungi huu. Gesi inapoisukuma pistoni, sehemu yake ndogo hupenya kwenye ringi na kushukia katika kasha la krenki, ikibeba mvuke wa maji, masizi, mafuta yasiyoungua na ukungu wa oili. Gesi hiyo ni lazima itoke, la sivyo shinikizo hupanda na kujitafutia njia kwenye sili, kwenye gasketi, au kwenye kijiti cha oili kama ilivyotokea kwangu. Tangu miaka ya 1960 watengenezaji wa magari wamekuwa wakiirudisha kwenye njia ya kuvuta hewa ili iungue upya badala ya kumwagwa nje. Shida ni ule ukungu wa oili unaofuatana nayo. Katika injini za dizeli hukutana na masizi yanayopitia valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini), vikawa tope zito jeusi linaloibana njia ya hewa. Katika injini za petroli zinazopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hakuna petroli ya kuziosha valvu za kuingizia hewa, hivyo oili hukaukia juu yake na kuwa gamba gumu. Mtungi huwekwa katikati ya safari hiyo. Gesi huingia kwenye nafasi pana, mwendo wake hupungua, hulazimika kugeuka na kupita kwenye wavu au filta, matone madogo huungana na kudondoka chini, na gesi iliyopungua oili huendelea na safari.

Kwa hiyo unapoununua mtungi huu unakata njia pekee ya kupumulia ambayo injini nyingi za dizeli zinayo, na unaiunganisha upya kwa mpira uliochaguliwa na mtu asiyeijua injini yako. Ujazo, rangi na kishikio sitavizungumzia, maana kila muuzaji huvieleza vya kutosha. Mimi nauliza mpira umetengenezwa kwa malighafi gani. Mpira wa aina ya EPDM, ambao ni mzuri sana kwa maji ya radieta, huvimba ukikutana na oili, na kwa macho hautofautiani na mpira wa NBR unaoihimili. Tafuta maandishi ubavuni: alama ya SAE 30R7, kiwango cha chama cha wahandisi wa magari, huonyesha kwamba mpira ulikusudiwa mafuta na gesi za kasha la krenki. Mpira usio na maandishi yoyote usiufunge. Upinde uwe kama herufi U, na ukiona umebonyea kwenye kona ungali mpya na baridi, ujue joto la injini litaumaliza. Pima pia tundu lake, kwa sababu mpira wa milimita 10 una nafasi ya kupitishia gesi inayozidi kidogo tu robo ya ile ya mpira wa milimita 19.

Kwa dizeli yenye tabo, chaguo langu la kwanza ni ProVent 200 ya Mann+Hummel, na sioni haja ya kuuficha upendeleo huu. Kasha lake ni la plastiki na halina mvuto wowote kwa macho, lakini ndani mna filta halisi inayobadilishwa, imekusudiwa mtiririko wa takriban lita 200 za gesi kwa dakika, na ina valvu ya kupunguza shinikizo, hivyo filta ikiziba gesi bado inapata pa kutokea. Hilo peke yake lingeiokoa sili yangu endapo kizuizi kingekuwa ndani ya mtungi. Ni kubwa, inahitaji nafasi, na mpira utautafuta mwenyewe, jambo ambalo sasa naliona kuwa faida.

Nafasi ya pili naipa Radium, hasa kwa petroli, kwa wavu wake wa chuma kisichoshika kutu na kijiti kinachoonyesha kiasi kilichonaswa bila kufungua chochote. Mishimoto inafuata kwa karibu; ina kikingio cha ndani na filta ya shaba nyeusi ya mikroni 50. Mitungi ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni kopo tupu lenye matundu mawili yanayotazamana juu, gesi ikiingia huku na kutokea kule bila kugusa kitu. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Kinachoniuma ni wauzaji. Niliporudi na ule mpira mkononi niliambiwa kuwa dhamana inahusu mtungi peke yake, ilhali picha ya tangazo ilionyesha vyote pamoja na bei ilitozwa kwa vyote pamoja. Muuzaji anayeandika unene wa alumini hadi sehemu ya milimita lakini hataji hata neno moja juu ya mpira anajua anachokiacha. Nimewauliza wengine watano tangu hapo, na ni mmoja tu aliyeweza kuniambia mpira wake ni wa aina gani. Halafu mpira mzuri unaouzwa kwa mita hupandishiwa bei mara tu unapotaja kwamba ni wa kazi hii.

Ukishafunga, washa injini, iache ipate moto, kisha upapase mpira wote kwa mkono, hasa kwenye kona na karibu na klampu. Rudia kila unapomwaga kilichonaswa, na majira ya baridi mwaga mapema zaidi, kwa kuwa maji huwa mengi, huchanganyika na oili yakawa rojo la rangi ya maziwa, na yakiganda huziba njia ileile ambayo mpira mbovu huiziba.