Chensoo ya betri ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mteja akiingia dukani kutafuta chensoo ya betri, yaani msumeno wa mnyororo, swali lake la kwanza huwa ni volti ngapi. Wauzaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana boksi limeandikwa namba kubwa kwa rangi nyekundu. Mimi ningeuliza mengine mawili: ina breki ya mnyororo? Na betri ikifa mwakani, nyingine naipata wapi?

Breki ni ile ngao ya plastiki iliyo mbele ya mshikio wa mkono wa kushoto. Baa ni lile bamba refu linalozungukwa na mnyororo, na hatari kubwa iko nchani mwake, upande wa juu. Sehemu hiyo ikigusa tawi mnyororo ukiwa unazunguka, msumeno hauumi mti. Unaruka juu kukuelekea usoni, hujawahi hata kushtuka. Ngao ikijigonga kwenye kifundo cha mkono, mnyororo unasimama hapohapo. Mashine kutumia betri hakupunguzi hatari hiyo hata kidogo. Tena ya betri haingurumi ikiwa imetulia, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba iko tayari kukata. Ukitaka kugusa mnyororo kwa sababu yoyote, chomoa betri kwanza.

Kuhusu volti: 18 na 20 ni kitu kilekile. Ndani mna seli tano zilizofuatana; ukihesabu 3.6 kwa kila moja unapata 18, ukihesabu 4 zikiwa zimejaa unapata 20. Ndivyo ilivyo pia kwa 36 na 40. Cha kutazama ni volti mara Ah (ampea-saa, kiasi cha chaji ambacho betri inabeba), unapata Wh (wati-saa, nishati yote iliyomo): betri ya 18V yenye 5Ah ina Wh 90, ya 2Ah ina Wh 36 tu, na hiyo itakuishia tawi la mwembe likiwa bado linaning'inia.

Nafasi ya kwanza: 36V, baa ya sm 30 hadi 35. Kwa mwenye kiwanja chenye miembe, miarobaini au mgrevilea ulioangushwa na upepo, hii inatosha na kubaki. Makita DUC353 hutumia betri mbili za 18V kwa pamoja na ina baa ya sm 35. Kama tayari una drili yao ya 18V yenye betri mbili, nunua mashine tupu, isiyo na betri, utaokoa fedha nyingi. Husqvarna 120i ni ya sm 30. Kabla hujalipa, ishike ikiwa na betri, uinyooshe mbele kwa dakika nzima. Hiyo Makita ina karibu kilo 5, na mkono uliochoka ndio unaoteremsha ncha mahali pasipotakiwa.

Ya pili: msumeno wa mpini mrefu. Najua wengi wangeuweka mwisho. Lakini tazama kazi zilizopo nyumbani kwako: nyingi ni matawi yaliyo juu ya paa au ukuta. Kwa chensoo ya kawaida utapanda ngazi, na chensoo juu ya ngazi ni kitu ambacho sitamshauri mtu yeyote. Huu unakata ukiwa umesimama chini, pembeni ya tawi, si chini yake. Tahadhari moja: mpini wake mara nyingi ni wa alumini na umeme unapita. Tawi likiwa karibu na nyaya, waite TANESCO au Kenya Power, usijaribu bahati.

Ya tatu: 18V au 20V yenye betri moja, baa ya sm 25 hadi 30. Hapa ndipo kampuni za zana Ingco na Total zinapoingia, na faida yao ni kwamba betri ya drili na ya grainda inaingia pia kwenye msumeno, na hadiwea nyingi zinazo. Inafaa mipera, miparachichi na mijohoro michanga. Hakikisha tu modeli unayopewa ina breki, maana si zote zinazofanana kwa sura zinazo.

Ya nne: ndogo ya mkono mmoja, sm 10 hadi 15. Stihl GTA 26 ya sm 10 ndiyo iliyoupa umaarufu mtindo huu. Kwa kupogoa ni tamu sana. Tatizo lake ni kwamba mkono wa pili, ukiwa hauna kazi, huenda kushika tawi linalokatwa. Vidole huenda hivyo. Nyingi hazina breki, na mafuta ya mnyororo unayadondosha mwenyewe.

Usinunue: zile zisizo na kampuni zilizoandikwa 48VF au 88VF. Hiyo VF si volti. Zihesabu seli ndani, mara nyingi ni tano zilezile.

Wanaoagiza kutoka nje wana mitego yao. Chaja ya Marekani ni ya 120V, ukiichomeka kwenye umeme wetu unaiunguza. Na anayekuletea kwa ndege kutoka Dubai aambiwe mapema: betri ya akiba haipandi kwenye begi la chini, inakaa la mkononi. Ikizidi Wh 100 inahitaji idhini ya shirika la ndege, ikizidi 160 haipandi kabisa na abiria.

Hapo kaunta, fanya haya. Mwambie muuzaji aweke betri, auwashe, kisha asukume ngao mbele: mnyororo usimame papo hapo. Bonyeza kiwashio bila kitufe cha usalama: usiwake. Kisha betri itolewe, vaa glavu, vuta mnyororo katikati ya baa: unyanyuke kidogo bila meno ya chini kutoka kwenye mfereji wake.

Bakiza fedha ya miwani, viatu vya chuma vidoleni na suruali ya kinga. Nyuzi za suruali hiyo hujisokota kwenye gurudumu la meno na kuukwamisha msumeno, ingawa nyingi zimepimwa kwa misumeno ya petroli, kwa hiyo usizitegemee kama ngao.

Nunua pia mafuta ya mnyororo. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipenda kwa sababu ni ya bure, ina vumbi la chuma linaloziba pampu, na mnyororo unakurushia usoni. Kama una mnazi wa kukatakata, jua kwamba nyuzi zake huyafanya meno kuwa butu upesi kuliko mwembe. Minyororo mingi ya ukubwa huu, ile ya inchi 3/8 ya kimo kifupi, hunolewa kwa tupa ya duara ya mm 4. Ile midogo ya inchi 1/4 ya misumeno ya mkono mmoja mara nyingi hutaka ya mm 3.2. Soma namba iliyo kwenye baa kabla hujatoka dukani.