Uzoefu wangu na mfumo wa taarifa za utafiti: DSpace-CRIS, ORCID na Zenodo

Ninatafiti magonjwa ya mihogo katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Kwa miaka kadhaa sasa kazi zangu zote zinapitia DSpace-CRIS ya chuo, yaani programu ya kuhifadhi machapisho na taarifa za watafiti, iliyounganishwa na namba yangu ya ORCID, ambayo ni namba ya kumtambulisha mtafiti, na data zangu zinakaa Zenodo, hifadhi ya mtandaoni. Tathmini hii nawaandikia watafiti na wakutubi wanaojiuliza kama kuna faida yoyote ya kukaa kujaza fomu. Faida ipo, tena kubwa, lakini ina sharti: mfumo udai makala yenyewe, usiridhike na orodha ya vichwa vya makala.

Sharti hilo nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Vyuo vingi husimika mfumo wa taarifa za utafiti kwa sababu ya ripoti. Menejimenti inataka kujua nani kachapisha nini, kwa ruzuku gani, akishirikiana na nani, na mfumo unajibu vizuri. Lakini afisa ugani wa Muheza anayetaka kujua kwa nini shamba lenye majani ya kuridhisha limetoa mizizi iliyooza kwa ndani hapati chochote kwenye orodha ile. Anakuta kichwa cha makala, majina ya waandishi, na kiungo kinachompeleka kwa mchapishaji anayetaka dola. Huo ni mfumo wa kuhesabu watafiti, na elimu inabaki imefungwa kama zamani.

Waliolitatua hili mapema ni Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Mwaka 2007, chini ya mkuu wake (rekta) Bernard Rentier, chuo kile kiliamua kwamba mtu anapopimwa kwa ajili ya cheo, zitakazoangaliwa ni kazi alizoweka kwenye hifadhi ya chuo tu, na makala za majarida za kuanzia 2002 ziwekwe na faili lake kamili. Hifadhi yao, ORBi, ilifunguliwa 2008, nayo imejengwa juu ya DSpace, programu huria iliyotolewa 2002 na maktaba za chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Hakuna warsha ya uhamasishaji inayoweza kushindana na kanuni ya namna hiyo. Kwetu mambo hayajafika huko kikamilifu, ila orodha ya machapisho kwenye maombi ya kupanda cheo sasa inavutwa kutoka kwenye wasifu wa mtafiti ndani ya mfumo. Nimeona kwa macho yangu walimu waliokuwa hawajawahi kupakia hata makala moja wakienda maktaba kuuliza wanaanzia wapi.

Upakiaji wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Nabandika DOI ya makala, yaani namba yake ya kudumu ya utambulisho mtandaoni, kwenye kisanduku cha kutafutia, mfumo unakwenda Crossref, hazina ya taarifa za machapisho, na kurudi na kichwa, waandishi, jarida, juzuu na kurasa. Nahakiki majina, nachagua mradi uliogharamia kazi, napakia faili, nachagua leseni. Baada ya hapo rekodi inamwendea mkutubi, anaipitia kabla haijaonekana hadharani. Ikishapita inapewa Handle, yaani anwani ya kudumu inayotakiwa kufanya kazi hata kama tovuti ya chuo itabadilishwa sura. Na kwa kuwa nilikipa chuo idhini, rekodi hiyo inatumwa kwenye ukurasa wangu wa ORCID bila mimi kuandika tena chochote. Kwa hili la mwisho chuo lazima kiwe mwanachama wa ORCID na kilipe ada. Mtafiti binafsi anapata namba yake bure, kwa dakika chache, na inabaki yake hata akihama chuo.

Panapohitaji umakini ni uchaguzi wa toleo la faili. Wachapishaji wengi wanaruhusu uweke mswada uliokubaliwa, ule wa mwisho baada ya marekebisho ya wapitiaji, kabla haujapangwa kwa sura ya jarida. Wengine wanataka usubiri miezi kadhaa ndipo ufunguliwe. DSpace inalimudu jambo hili vizuri: unaweka tarehe, faili linabaki limefungwa, taarifa zake zinaonekana, na siku ikifika linafunguka lenyewe. Kwa hiyo tunzeni miswada yenu iliyokubaliwa. Watu wanaifuta mara tu makala inapotoka, kisha wanabaki na PDF ya mchapishaji ambayo hawana ruhusa ya kuiweka popote.

ORCID ina faida ambayo kwetu Afrika Mashariki ni kubwa kuliko inavyoelezwa. Majina yetu ni matatu: la mtu, la baba na la babu. Jarida moja linachukua la mwisho na kulifanya jina la ukoo, la pili linachukua la kati, la tatu linaandika herufi za kwanza tu. Mwanamke akiolewa na kubadili jina, kazi zake za awali zinaonekana za mtu mwingine kabisa. Kabla ya namba hizi, ukitafuta kazi za mtafiti mmoja wa Tanga ungekuta watu watatu, na ukitafuta jina la kawaida kama la kwangu ungekuta madaktari, wanasheria na wahandisi wamechanganywa kwenye kapu moja. Zile tarakimu 16, zilizoanza kutolewa 2012, hazijali jina limekatwaje. Nimewahi kuona mwanafunzi wa uzamili akipata kazi zote za msimamizi wake, za tangu akiwa mkufunzi, kwa kubofya mara moja. Kwa njia ya majina asingezipata.

Jambo ninalolipenda kuliko yote halimo kwenye matangazo ya mfumo wowote. Ndani ya DSpace kila kipengele cha taarifa kinaweza kuandikwa zaidi ya mara moja na kuwekewa alama ya lugha. Kwa hiyo makala yangu ya Kiingereza ina ikisiri mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na maneno muhimu kwa lugha zote mbili: batobato, michirizi ya kahawia, inzi weupe, mbegu safi. Mtu akiandika kwenye simu yake "mihogo kuoza mizizi", anaweza kufika kwenye utafiti. Tangu nianze kufanya hivyo, ukurasa wa takwimu unanionyesha wasomaji wa miji ambayo sikuitegemea, Goma na Bujumbura wakiwemo, na ujumbe ninaopokea umebadilika. Zamani walioniandikia walikuwa watafiti wenzangu. Siku hizi naulizwa na bwana shamba, kwa Kiswahili, kama matokeo ya ukanda wa pwani yanafaa pia kule kwake mlimani. Ni swali zuri sana. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti cha Amani, hapo hapo Muheza, na kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa wa maeneo ya chini ya pwani, mpaka ulipoanza kuonekana Uganda, kwenye miinuko, kuanzia 2004. Mwenye shamba la mlimani ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kusoma jibu bila kulipia.

Zenodo naitumia kwa data, hasa picha za majani na majedwali ya vipimo. Inaendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu 2013, haina malipo, kila rekodi inapata DOI na inaruhusiwa kufika GB 50. Nikirekebisha jedwali napakia toleo jipya. Kila toleo linakuwa na DOI yake, na kuna DOI moja ya jumla inayompeleka msomaji kwenye toleo la karibuni. Kwa intaneti yetu, kupakia picha nyingi kunataka subira, na mimi huzifunga kwenye mafungu madogo na kupakia usiku. DOI ya data naiandika kwenye rekodi ya makala ndani ya DSpace, na ya makala naiandika kule Zenodo, ili msomaji akifika upande mmoja asikose wa pili.

Sifungui kila kitu, na hili nalisema kwa msisitizo. Wakulima walituruhusu kuingia mashambani mwao kwa kutuamini. Majina yao, namba zao za simu na majira ya nukta (vipimo vya GPS) ya mashamba yao hayaendi hadharani. Mfumo unaruhusu faili moja ndani ya rekodi liwe wazi na jingine liwe la kuombwa, nasi tunaitumia nafasi hiyo: vipimo viko wazi, maeneo yanatajwa kwa kata. Uhuria unaomweka mkulima hatarini hauna mtetezi hapa.

Kasoro zipo, na nyingi zinatokana na uendeshaji wa vyuo vyenyewe. Chuo kimoja nilichowahi kusoma kilihamisha hifadhi yake kwenye seva mpya bila kusajili Handle ipasavyo, na viungo vyote vilivyokuwa vimenukuliwa kwenye tasnifu na makala vikafa. Mpaka leo nikivibofya napata ukurasa mtupu. Kwingine nimekuta tasnifu za zamani zimeskaniwa kama picha tu, bila maandishi kutambuliwa, kwa hiyo hakuna neno la ndani linaloweza kutafutwa na msomaji asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Kwetu seva huzimika umeme ukikatika mwishoni mwa wiki na kusubiri Jumatatu. Programu ni huria na haina ada ya leseni, ila fundi wa kuitunza ana mshahara, na vyuo vingi vinasahau kuuweka kwenye bajeti. DSpace ya toleo la 7, iliyotoka 2021, imegawanyika sehemu mbili zinazoendeshwa pamoja, na inataka seva yenye nguvu kuliko matoleo ya zamani. Asiyejipanga kwa hilo atapata mfumo mzuri unaofunguka polepole mno kwenye simu.

Kwa chuo kinachoanza sasa, ningeshauri DSpace-CRIS kuliko kununua mfumo wa kibiashara, kwa sababu taarifa na mafaili vinakaa sehemu moja na mkataba ukiisha hakuna anayekufungia mlango. Kwa mtafiti, chukua namba ya ORCID leo, kisha mpelekee mkutubi miswada yako iliyokubaliwa pamoja na ikisiri ya Kiswahili. Sisi idarani kwetu tumeanza kuzirudia tasnifu za zamani za mihogo, tunaziskani upya kwa kutambua maandishi na kuandika ikisiri hizo kwa zamu, kila mhadhiri na fungu lake. Zilizokamilika ziko wazi kwa yeyote.