Leaf yangu kutoka rimu za inchi 17 kwenda 16: miezi mitano kwenye makorongo ya Goba

Rimu ilipasuka Aprili, masika yakiwa yamekolea. Ilikuwa mtaani kwetu Goba, Dar es Salaam, pale unapoiacha lami na kushuka bondeni. Dimbwi nililikuta limejaa maji, nikadhani ni lile lile la jana, kumbe usiku lilichimbika. Tairi la mbele kushoto likapiga kishindo, na hadi nafika getini lilikuwa limelala kabisa. Kesho yake fundi matairi akaiosha ile rimu, akanionyesha ufa mrefu kama kidole. "Dada, hii naweza kuichomelea, ila ikija kupasuka tena usinilaumu." Nikamwambia basi, aiache.

Gari ni Nissan Leaf ya 2018 kutoka Japani, gari la umeme lenye betri ya uniti 40 (kWh), na lilikuja na tairi za 215/50R17, yaani upana milimita 215, ukuta asilimia 50 ya upana huo, rimu inchi 17. Ukipiga hesabu, ukuta wa tairi hilo una milimita 107 na nusu. Hicho tu ndicho kinachoikinga rimu yako ya aloi na jiwe. Kwenye barabara ya Bagamoyo hutalijua tatizo, ila ndani ndani huku utalijua wiki ya kwanza. Halafu Leaf ni zito, tani moja na nusu hivi, betri imelala chini ya sakafu. Likiingia shimoni linaingia na uzito wake wote.

Kilichonipa moyo wa kushuka inchi moja ni kwamba Leaf hizi hizi za daraja la chini zilitoka kiwandani na rimu za 16, kwa hiyo breki zinakaa bila kugusa. Kama gari lako halina toleo la namna hiyo, jaribu kuivisha rimu na kuizungusha kwa mkono kabla hujatoa hela.

Ilala nilikozunguka, kila duka lina rimu za Toyota. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba zinaingia, "nati tano, sawa na zako". Ni kweli, nafasi ya nati ni ile ile, 5x114.3. Ila tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1 na habu ya Nissan ni 66.1. Haiingii hata ukiipiga nyundo, na hata nati zenyewe uzi wake ni tofauti. Nilizunguka nusu siku, mwisho nikapata rimu za Dualis: Nissan kwa Nissan, upana inchi 6.5, ofseti 40 (milimita za uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) imeandikwa kwa ndani. Nilichukua tano. Ya tano nitaieleza.

Kwenye saizi ya tairi ndipo wengi wanapojidanganya. Saizi ya kiwandani kwa rimu ya 16 ni 205/55R16, lakini tairi hilo ni fupi kuliko langu la zamani kwa karibu asilimia 2.3. Likiwa fupi linazunguka mara nyingi zaidi, na kama kompyuta ya gari ilipimiwa tairi la 17, kila kilomita 100 za kweli dashibodi itakuandikia 102 na ushee. Ndiyo hapo mtu anajisifu kwamba chaji imeongezeka. Hizo ni kilomita za hewa! Mimi nilichagua 205/60R16, ambalo ni refu kuliko la zamani kwa chini ya asilimia moja. Nilipima kwa simu safari ya Bagamoyo: simu ikasema kilomita 60, dashibodi ikasoma 59 na nusu. Bora inipunje kidogo kuliko kunisifia uongo. Ukuta wa tairi sasa ni milimita 123, na uwezo wa kubeba ni 92, yaani kilo 630 kila tairi. Kuhusu gari kunyanyuka, limepanda milimita tatu tu, kwa hiyo matuta yanayokwangua tumbo yataendelea kukwangua.

Sasa kosa langu. Rimu nne zilikuja na tairi zake za mtumba, 205/60R16, zina kashata nene kama mpya. Nikajiona mjanja. Wiki tatu usukani ukawa mlegevu kama ninaendesha gari juu ya godoro, na siku ya mvua pale Mwenge nilifunga breki gari likateleza hadi nikakaribia kumgusa bajaji. Nilipoinama kusoma ubavuni nikakuta neno STUDLESS. Tairi za theluji, Dar es Salaam! Mpira wake ni laini, umechanjwa chanjwa kama kwa wembe ili ushike barafu. Kwenye lami yetu ya moto unalegea na kula chaji. Namba za tarehe zilisomeka 3816, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2016. Muuzaji nilipomrudia akasema, "Mama, si ulizikagua mwenyewe?" Nilikuwa dada siku ya kununua.

Nikanunua mpya, Yokohama BluEarth, shilingi 190,000 kila moja. Ziliniuma. Kwenye kuzifunga fundi alitaka kuegemeza jeki katikati ya tumbo la gari, nikapiga kelele hadi majirani wakatoka. Pale ni betri! Leaf linanyanyuliwa kwenye kingo za pembeni, sehemu zilizoimarishwa kwa ajili ya jeki, na uwaambie kabla hawajainama.

Njia yangu ni Goba hadi Posta na kurudi, kama kilomita 50, kiyoyozi kinawaka, foleni ya makutano ya Morocco ipo kama kawaida yake. Kwa rimu za 17 nilikuwa napata wastani wa kilomita 6.8 kwa uniti. Rimu za 16 na tairi za theluji: 6.3. Rimu zile zile na tairi mpya: 7.1. Angalia vizuri hapo, rimu haikubadilika kati ya mara ya pili na ya tatu. Tairi ndilo lililokula, na tairi ndilo lililorudisha. Kupungua uzito kunasaidia kidogo kwenye foleni ya kusimama na kuondoka. Nilipima kwenye mizani ya duka la mchele, tairi na rimu ya 17 kilo 19 na nusu, ya 16 kilo 17 na nusu. Upepo nao usiuache kwa vijana wa sheli. Langu linataka psi 36, asubuhi kabla halijatembea, na kipimo ninacho changu.

Kwa shilingi? Kwa mwezi natembea kilomita 1,200, nimeokoa kama uniti saba. LUKU kwangu ni shilingi 356 kwa uniti, kwa hiyo ni 2,500, sahani ya chipsi. Anayekuambia ubadilishe rimu ili uokoe umeme anakuuzia rimu.

Ninachokilipia kwa furaha ni utulivu. Gari la umeme halina muungurumo wa injini wa kuficha kelele, kwa hiyo kila rasta na kila kokoto ulikuwa unaisikia kwenye meno. Sasa rasta za Tangi Bovu napita na chai mkononi. Korongo la bondeni nimelipiga tena mara mbili, aloi haijaguswa. Kona kali linainama zaidi kidogo kuliko zamani, na kwa sura limepungua; mdogo wangu anasema nimelivalisha ndala.

Ile rimu ya tano ni spea. Leaf langu lilikuja na pampu na chupa ya gundi tu, na ubavu ukichanika gundi haikusaidii. Lakini halina shimo la kuweka tairi, kwa hiyo limefungwa kamba ndani ya buti, na Jumamosi nikitoka Kariakoo magunia yanakaa kiti cha nyuma.

Rimu tatu nzima za 17 zipo stoo. Kila anayepiga simu anataka nne.