Albamu Moja, Miksi Mbili: Nilivyoisikiliza "Mr. Bad Guy" ya 1985 na ya 2019

Kwa mwenye haraka: nunua toleo la 2019, na kama unayo CD ya zamani usiitoe. Wengi wanaoniuliza wanadhani toleo jipya ni lile lile lililopandishwa sauti likatiwa jalada jipya. Sivyo, na tofauti yake inafaa kuelezwa.

Albamu yenyewe ni "Mr. Bad Guy" ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mzaliwa wa hapa hapa Unguja Mjini, Septemba 5, 1946, jina lake la kwao Farrokh Bulsara. Aliirekodi Munich katika studio za Musicland, akaitengeneza pamoja na Reinhold Mack, ikatoka Aprili 1985. Nyimbo 11, bila ya Queen. Makumbusho yake pale Shangani hayakosi wageni, na haipiti siku bila ya kumkuta mtu anapiga picha mlangoni. Lakini zungumza na hao hao kuhusu albamu hii, wengi wao hawajaisikia hata wimbo mmoja. Hilo linaniuma, kwa sababu humu ndimo alimofanya alivyotaka mwenyewe, bila ya kugawana nafasi na mtu.

Mwaka 2019 Justin Shirley-Smith na Joshua J. Macrae, mafundi waliokwisha kufanya kazi nyingi za Queen, walirudi kwenye kanda za mwanzo wakazimiksi upya nyimbo zote. Hapa ndipo watu wanapochanganya. Rimasta, yaani kuing'arisha rekodi, hufanyiwa miksi (mchanganyiko wa sauti zote) iliyokwisha fungwa: fundi anaweza kupunguza besi, kuongeza ukali au kupandisha nguvu, lakini akigusa kimoja amegusa vyote. Anayemiksi upya anazo njia zote mkononi, sauti ya mwimbaji mbali, gitaa mbali, ngoma mbali, na kila moja anaipangia pahala pake. Rimasta ni kuipiga pasi kanzu iliyokwisha shonwa. Kumiksi upya ni kuifumua na kuishona tena kwa kitambaa kile kile.

CD yangu ya 1985 ilikuwa ya marehemu ami yangu, aliyerudi nayo kutoka Uingereza. Ya 2019 niliagizia kwa mtu. Nilizisikiliza usiku baada ya isha, mtaa ukishatulia, kwa spika mbili za mezani na kwa hedifoni za waya. Nakaa Mji Mkongwe, chumba dari yake ndefu na kuta zake za mawe, na besi ikishaingia humo inazunguka tu. Kwa hiyo ngoma na besi nilizihukumu kwa hedifoni peke yake.

Atakayetaka kulinganisha nyumbani kwake, kwanza asawazishe sauti. Sikio la binadamu hukipenda kilicho juu hata kama si kizuri, na diski za miaka ya karibuni nyingi zimetiwa nguvu kuliko za zamani. Mimi niliisawazisha sauti ya uimbaji kwanza, ndipo nikaanza. Kisha nikamkabidhi mpwa wangu kazi ya kubadilisha diski bila ya kuniambia ipi ni ipi. Yeye ni mtoto wa singeli, albamu hii hakuwahi kuisikia. Ulipopita ubeti wa kwanza wa "There Must Be More to Life Than This" katika diski ya pili, akasema: "Mjomba, huyu amekaribia. Yule wa mwanzo alikuwa kule ndani." Ndiyo ilikuwa ya 2019, na sikuweza kuieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Mimi napiga fidla katika taarab, na taarab imenilea hivi: mwimbaji ndiye mwenye shughuli, fidla na kanuni zinamjibu, hazimfuniki. Kwa sikio hilo miksi ya 1985 ilikuwa ikinitaabisha siku zote. Vinanda vya umeme vimejazana mbele, ngoma zina mwangwi mkubwa wa mtindo wa wakati ule, na sauti ile, ambayo ndiyo mali yenyewe, inabidi uichungulie. Katika ya 2019 mwangwi umepungua, besi inasikika noti kwa noti, na mwimbaji amesimama kati. Katika "Love Me Like There's No Tomorrow" nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kupanda. Wimbo huo nilikuwa nikiuruka. Sasa naurudia.

Wimbo uliobeba jina la albamu umepigiwa okestra halisi, na huo niliukalia kwa muda mrefu kuliko zote. Kwenye CD ya ami fidla zinasikika kama ukuta mmoja. Kwenye toleo jipya nazifuata: ya juu inakwenda wapi, ya chini inashika nini, pinde zinageuka wapi. Kwa mpiga fidla hiyo ni starehe kubwa. "Man Made Paradise" nayo imefaidika sana, sauti zake zilizopangwa tabaka juu ya tabaka sasa zinahesabika. "Foolin' Around" sikuona tofauti ya kunisumbua.

"Living on My Own" ndiyo inayonifanya niitunze diski ya zamani. Wimbo huu una sura tatu. Ya 1985 haikwenda mbali ilipotoka, Uingereza ilikomea nafasi ya 50. Mwaka 1993, Freddie keshafariki, No More Brothers wakaurimiksi kwa mdundo wa disko, ukashika nafasi ya kwanza huko huko Uingereza. Ukiwa na ukumbi wa watu wanaotaka kucheza, piga huo. Lakini utamu wa wimbo uko pale katikati, anapoacha maneno akaanza kuichezea sauti tupu, akipanda na kushuka kama anavyotaka. Katika rimiksi mdundo unamharakisha. Katika miksi ya 2019 anasikika wazi, ila kila kitu kimenyooka mno kwangu. Katika ya 1985 vinanda na sauti vinasukumana, na msukumano ule ndio unaoupa wimbo joto. Hapo fundi wa zamani kashinda.

"Made in Heaven" na "I Was Born to Love You" zina ndugu zao pia. Queen walizichukua sauti za Freddie wakazipigia vyombo vyao kwa albamu yao ya 1995. "Made in Heaven" ya Queen naipenda kuliko zote mbili za "Mr. Bad Guy", kwa sababu gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, linampa mwimbaji mtu wa kushindana naye. "I Was Born to Love You" naichagua ya 2019. Ni wimbo wa furaha, na gitaa zito halikuuongezea kitu.

Wengine hukasirika kwa kuguswa kazi ya marehemu. Nawaelewa, ila mguso na mguso si sawa. Albamu ya "Barcelona", aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera, ilipotolewa upya 2012 vinanda vyake viliondolewa wakaletwa wapigaji 80 wa okestra ya Prague. Naisikiliza, fidla zake tamu, lakini najua nasikia ala ambazo yeye hakuimba nazo. Hii ya 2019 imeshonwa kwa kilichokuwamo ndani ya kanda za Munich.

Kuhusu kusikiliza kwa simu: huduma ninayoilipia kila mwezi hushusha ubora kimya kimya ninapotumia bando, na matoazi yanakuwa kama yanachemka. Ingia kwenye mipangilio, chagua ubora wa juu kabisa, na uishushe albamu nzima ukiwa kwenye waifai. Bila ya hivyo hutaisikia tofauti ninayoisema. Anza na "There Must Be More to Life Than This", kisha "Mr. Bad Guy", na "Living on My Own" itafute ya 1985.