Brisbane au visiwa vya Setouchi?

Yote mawili ni maonyesho ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka mitatu. Ufanano unaishia hapo.

Asia Pacific Triennial ya Brisbane, Australia, ilianza 1993. Iko kwenye majengo mawili jirani kando ya mto, na kiingilio ni bure. Ukiwa na watoto, au ukitaka kuona sanaa ya leo ya Papua New Guinea na visiwa vya Pasifiki ambayo kwingine ni nadra, nenda huko.

Setouchi Triennale ya Japani, tangu 2010, inataka miguu na subira. Unavuka kwa feri kutoka mji wa bandari wa Takamatsu, kisiwa hadi kisiwa, na feri ya mwisho haimsubiri mtu. Kisiwani Naoshima kuna boga la njano la msanii Mjapani Yayoi Kusama kwenye gati. Dhoruba ya 2021 ililisomba, likarudishwa 2022. Jumba la sanaa la kisiwa cha Teshima ndilo lililoniteka: unavua viatu mlangoni (kama msikitini), unaingia chini ya kuba la zege lisilo na nguzo hata moja, na matone ya maji yanachomoza sakafuni, yanatambaa, yanaungana. Basi. Hakuna kingine humo.

Mimi ningechagua Setouchi, tena msimu wa vuli. Kiangazi cha kule kina joto la kuchosha.