Kupamba nyumba msimu wa vuli Marekani kwa dola 40: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mara ya kwanza kuona mabua ya mahindi yamefungwa kamba na kubandikwa bei ya dola 10 nje ya duka hapa Columbus, Ohio, nilidhani nimesoma vibaya. Mabua! Kwetu ukishavuna unamwachia ng'ombe, na asipoyamaliza ng'ombe unayachoma. Jirani yangu alinunua mafungu mawili, akayasimamisha kulia na kushoto kwa mlango wake. Na lazima niseme kweli, yalipendeza.

Nina miaka saba hapa sasa, na nimeshatupa hela ya kutosha kwenye mapambo ya msimu huu. Kamusi zinauita vuli, ingawa vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na ya huku ni majani kupukutika na baridi kupiga hodi. Tuuite vuli tu, tutaelewana. Unaanza kama tarehe 22 Septemba, na watu huacha mapambo hadi Thanksgiving, sikukuu ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Hizo ni wiki tisa. Kwa hiyo kabla hujatoa pochi, angalia kama kitu kina uso. Chenye fuvu, buibui au sura ya jini muda wake unaisha usiku wa Halloween, ile sherehe ya mavazi ya kutisha, tarehe 31 Oktoba. Kisicho na uso kinafika mwisho wa safari, na sisi ambao Halloween haituhusu hatupungukiwi kitu.

Dola 40 zinatosha sebule na mlango wa mbele. Kipimo changu ni hiki: ninachonunua ama tutakila, ama kitarudi stooni kisubiri mwakani.

1. Boga zima, bila kuchongwa

Hakuna kinacholishinda. Boga zima likikaa mahali pakavu penye ubaridi linadumu miezi miwili hadi mitatu. Ukilichonga macho na meno, ndani ya wiki moja limeota ukungu na kuporomoka kama mzee aliyevuliwa meno ya bandia.

Ila maboga si mamoja. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yanayorundikwa mlangoni mwa supamaketi, mengi ya aina ya Howden, yalizalishwa kwa ajili ya kuchongwa. Nyama yake ni nyuzinyuzi na maji. Niliwahi kulipika kwa nazi, watoto wakauliza kama ni supu. Tafuta aina hizi: Jarrahdale, la kijivu kama limepakwa majivu, lenye asili ya Australia, Rouge Vif d'Etampes, jekundu, bapa, lenye mikunjo kama mto wa kukalia, ambalo Wamarekani huliita boga la Cinderella, na kabocha, dogo la kijani, ambalo kwa ladha ndilo linalokaribia sana boga la kwetu. Mwaka jana nililipa dola 17 kwa manne, mawili makubwa na mawili madogo, nikayapanga juu ya kanga kwenye meza ya ukumbini. Supamaketi za Aldi na Trader Joe's huleta aina hizi kuanzia Septemba, na haziwahi kukaa sana.

Namna ya kuchagua: ligeuze kwanza. Kitako ndicho kinachoanza kuoza, na wauzaji hawakioneshi. Bonyeza kwa kidole gumba, kisha jaribu ganda kwa ukucha. Ukucha ukipenya, halijakomaa. Kikonyo kiwe kigumu na kisichotikisika. Usilibebe kwa kikonyo hata kama kinaonekana kama mpini, kwa sababu kikikatika umewafungulia mlango wadudu na uozo. Ukifika nyumbani lifute kwa maji yenye bleach kidogo, kijiko kimoja kwa lita nne, kisha likaushe.

Sasa yaliyonikuta mimi. Mwaka wangu wa pili niliweka boga zuri sana sebuleni, sakafuni, pembeni ya tundu la hewa ya moto. Sikufikiria. Baridi ilipoanza hita ikawaka, na boga likapikwa polepole kwa wiki mbili bila mtu kujua, mpaka siku nilipolinyanyua na nusu yake ikabaki kwenye zulia. Doa halikutoka. Tulipohama, mwenye nyumba alilikata kwenye amana yetu. Kwa hiyo weka sahani au kipande cha ubao chini ya kila boga, na mbali na hita. Ukiweka nje, jua kwamba kindi watalitafuna; unga wa pilipili unawazuia mpaka mvua inyeshe, basi. Na usiku wa barafu ya kwanza, ambayo huku Ohio huanza kuonekana katikati ya Oktoba, liingize ndani. Boga likiganda limekwisha.

Tahadhari moja: vile vibuyu vidogo vyenye vinundu na rangi za ajabu vinavyouzwa kwa kikapu si chakula. Baadhi vina uchungu wenye sumu inayoumiza tumbo vibaya. Boga lolote likiwa chungu ulimini, tema. Yaliyopakwa rangi nayo ni ya kutazama tu.

Ukitaka kutoka na watoto, Circleville iko kilomita 40 hivi kusini mwa Columbus, na wana maonesho ya maboga tangu 1903, kila Oktoba, kuingia bure. Utaona boga lililobebwa kwa mashine kama gari bovu. Mashamba yenye matrekta ya kutembeza watu ni ya picha. Boga la pale unalipia na hewa.

2. Mitumba, na lile sanduku ulilokuja nalo

Kabla hujaenda dukani, fungua sanduku. Rangi za msimu huu ni chungwa, njano ya manjano ya kupikia, nyekundu ya damu ya mzee na kahawia, na sijui doti ngapi za kanga zenye rangi hizo zimelala zimekunjwa kwenye makabati yetu zikisubiri harusi. Kanga moja inatosha meza nzima. Ukili, kikapu, kibuyu cha maziwa alichokupa bibi: weka mezani, wageni wa Kimarekani watakuuliza ulinunua wapi.

Kinachopungua, katafute Goodwill au duka lolote la mitumba. Ninachofuata pale ni vikapu, mitungi ya udongo, vinara vya shaba na trei za mbao. Dola 7 hunitosha. Nenda Agosti au mwanzo wa Septemba. Oktoba ikifika kila mtu ameshapita. Kikapu kinuse kabla ya kununua, kwa sababu harufu ya unyevu haitoki.

Majani makavu usinunue, ni ya kuokota. Chukua ya miti ya maple yaliyodondoka leo, bado laini, yabane katikati ya kitabu kikubwa kwa wiki moja. Ukiyaacha wazi kwenye bakuli yanajikunja na kusagika kama tumbaku.

3. Shada la mlangoni

Shada lililokwisha kupambwa huuzwa dola 30, hata 60. Usinunue. Nunua pete tupu ya vijiti vya mzabibu mkavu, mimi niliipata kwa dola 4, halafu chomeka mwenyewe: majani uliyobana, vijiti vya mdalasini, utepe wa kitambaa cha kitenge kilichobaki kwa fundi. Pete hiyo hiyo mwakani unaivua na kuivika upya. Kama nyumba ni ya kupanga, tumia ndoano za kubandika badala ya msumari, na pangusa mlango kwa spiriti kwanza, la sivyo litakudondokea saa nane usiku na utadhani mwizi.

4. Krisanthemu

Hapa navunja kanuni yangu mwenyewe. Maua haya hayaliwi nyumbani kwetu, na ya chungu cha dukani mara nyingi hayavuki baridi. Lakini chungu kimoja cha dola 7 mbele ya mlango kinafanya kazi ya mapambo kumi. Siri yake ni kununua ambalo matumba yake mengi bado yamefumba. Mwanzoni nilichukua lililochanua kote kama mwavuli, likawa kahawia siku ya nane. Nyanyua chungu, kikiwa chepesi kama ganda tupu, mizizi imekauka, achana nacho. Mwagilia udongoni, si juu ya maua.

5. Taa za betri

Novemba saa zikirudishwa nyuma, giza linaingia saa 11 na nusu jioni, na hapo utaelewa kwa nini watu wa huku wanapenda taa ndogondogo. Waya wa taa hizo, au mishumaa ya betri, utaupata kwa dola 5 au chini. Duka la Dollar Tree, lililopandisha bei yake kuu kutoka dola 1 hadi 1.25 mwishoni mwa 2021, linazo. Chagua zinazojizima zenyewe baada ya kuwaka kwa muda wa saa sita. Kama una mtoto mdogo, hakikisha mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Betri za kifungo zikimezwa zinaunguza koo, na tangu 2022 kuna sheria ya nchi nzima inayodai zifungwe mtoto asizifikie.

Mkiani

Mishumaa ya harufu ya viungo vya boga inaumiza kichwa. Chukua sufuria ya maji, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu kumi na maganda ya chungwa, weka moto mdogo kabisa na usitoke jikoni. Karafuu nunua duka la Wasomali au la Wahindi, supamaketi watakukamua. Marobota ya nyasi kavu yanachukua unyevu, yanaota ukungu, na Desemba hujui pa kuyatupa. Madoli ya kujazwa upepo yanakula umeme na asubuhi yamelala kifudifudi uani kama walevi.

Na yale mabua? Kama una shangazi mwenye shamba, mwombe. Dola 10 sitoi.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Tarehe 1 Novemba maduka yanataka nafasi ya Krismasi, na maboga ambayo wiki iliyopita yalikuwa dola 8 yanauzwa kwa senti, mengine wanakupa tu. Pita asubuhi, yageuze vitako kama nilivyosema, chukua mawili ya Jarrahdale. Ganda lake ni gumu, kwa hiyo kisu cha matunda kiache. Mimi hulipasulia ubarazani kwa panga dogo, mbegu naweka pembeni za kukaanga na chumvi, nyama inaingia kwenye nazi, iliki na sukari kidogo.